Mwalimu Sokoni, Mwalimu Mtandaoni: Mpaka Kati ya Mtu na Kazi Yake

MAGUNGA ni mji mdogo wa soko ulioko katika eneo la Gwassi, Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay. Msafiri atokaye Mbita hupitia Sindo, kando ya Ziwa Victoria, kabla ya kuufikia; naye anayeendelea kusini huingia Karungu, Kaunti ya Migori. Katika mji wa kiasi hiki ni muhali kumtenga mtu na kazi yake. Mwalimu akienda sokoni kununua omena, muuzaji humwamkua kwa jina la mwalimu. Muuguzi akihudhuria matanga, waombolezaji humkumbuka kwa wodi aliyowahudumia kabla ya kumkumbuka kwa ukoo wake. Chifu naye hubaki chifu hata akiwa amevaa kandambili na kushika jembe shambani kwake.

Lugha yenyewe imekubali jambo hili. Katika Kijaluo, kiambishi ja- humtaja mtu kwa kazi yake na vilevile kwa mahali atokako: japuonj ni mwalimu, jalupo ni mvuvi, na ja-Gwassi ni mtu wa Gwassi. Kiswahili nacho hakiko mbali. Julius Nyerere aliacha kufundisha darasani mwaka wa 1955, lakini hadi alipofariki mwaka wa 1999, na hata baada ya hapo, Waswahili wengi hawakumwita kwa cheo cha urais bali kwa jina la Mwalimu.

Kwa vizazi vingi hali hii haikumsumbua mtu, kwa kuwa kila neno lilikuwa na mahali pake. Leo mwalimu yuyo huyo ana simu mfukoni. Ndani ya simu hiyo mna kundi la wazazi, kundi la walimu wenzake, kundi la kanisa, la chama, la kamati ya mazishi, pamoja na ukurasa wa Facebook ambao wanafunzi wake wa zamani husoma wakiwa Nairobi, Mombasa na ughaibuni. Anapoandika neno la hasira saa nne za usiku akiwa kitandani, swali huzuka: aliyeandika ni mwalimu, au ni raia aliyechoka na ugumu wa maisha?

Makala haya yanaeleza asili ya swali hilo, sheria za Kenya zinasemaje, visa vilivyotokea karibu na mbali, na namna mfanyakazi wa kawaida anavyoweza kulinda kazi yake bila kupoteza sauti yake.

PAZIA LILILOONDOLEWA

Mwaka wa 1956 mtaalamu wa elimu ya jamii, Erving Goffman, alichapisha kitabu kilichoyalinganisha maisha ya kila siku na mchezo wa kuigiza. Alisema kwamba kila mtu ana jukwaa anakoonekana na watu, na ana nyuma ya pazia anakopumzika. Mhudumu wa hoteli humtabasamia mgeni mezani, kisha hulalamika akifika jikoni. Huo si unafiki. Ni adabu ya kawaida ya kujua umesimama wapi na unasema na nani.

Watu wa Magunga hawakuhitaji kitabu ili kulijua hilo. Maneno ya barazani kwa chifu hayakuwa maneno ya kilabuni. Mazungumzo ya walimu wakati wa chai hayakufika masikioni mwa wazazi. Na utani wa mashemeji matangani uliishia pale pale matangani. Mitandao ya kijamii imeliondoa pazia hilo. LinkedIn ilizinduliwa mwaka wa 2003, Facebook mwaka wa 2004, Twitter, ambayo tangu Julai 2023 huitwa X, mwaka wa 2006, na WhatsApp mwaka wa 2009. Ni katika mwaka huo wa 2009 ambapo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa nafuu kwa Mkenya wa kawaida. Chini ya mwongo mmoja, watu waliokuwa wakikutana na mfanyakazi mahali tofauti, yaani bosi, mama mkwe, mwanafunzi, mteja na hasimu wa kisiasa, wakajikuta wameketi katika ukumbi mmoja wakimsikiliza.

Wapo wanaoona kwamba huo ndio uaminifu. Mwanzilishi wa Facebook, Mark Zuckerberg, alinukuliwa katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 2010 akishikilia kwamba mtu mwenye nafsi mbili ana upungufu wa uadilifu. Rai hiyo yaweza kumfaa tajiri asiye na mwajiri wa kumwita ofisini. Haimfai muuguzi anayejua majibu ya vipimo vya nusu ya kijiji, wala mwalimu ambaye watoto arobaini humtazama kila asubuhi ili wajue mtu mzima hujibebaje. Kwao, kusema tofauti mahali tofauti ni sehemu ya kazi yenyewe.

AMANA NA HAKI

Aghalabu mjadala huu huelezwa kana kwamba mtu ana nafsi mbili, ya nyumbani na ya kazini, na kwamba suluhisho ni kufungua akaunti mbili. Maelezo hayo hayatoshi. Akaunti ya pili hubeba sauti ile ile, marafiki wale wale na, mara nyingi, nambari ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho kile kile. Mpaka unaofaa kuchorwa ni mwingine: ni kati ya amana na haki.

Amana ni yale yote ambayo mtu ameyapata kwa sababu ya kazi yake: siri za wagonjwa, picha na alama za wanafunzi, mashauri yaliyoletwa mbele ya chifu, hesabu za chama, pamoja na uzito wa cheo chenyewe. Hivyo si vyake. Amewekewa tu, na hawezi kuvitoa hadharani hata kwa jina la bandia. Haki ni yale aliyo nayo kwa kuwa binadamu na raia: maoni yake kuhusu ushuru, imani yake, furaha ya harusi ya dadake, huzuni ya msiba wake, na uhuru wa kuwakosoa wanaotawala. Hivyo hakukabidhiwa na mwajiri, kwa hivyo mwajiri hana mamlaka ya kumpokonya.

Ugomvi mwingi tunaousikia hutokea upande mmoja unapovuka mpaka huo: mfanyakazi anapoitumia amana kana kwamba ni haki yake, au mwenye nguvu anapoichukulia haki ya mfanyakazi kana kwamba ni kosa la kazini.

KISA CHA ALBERT OJWANG

Hakuna aliyelipia suala hili kwa gharama kubwa kuliko mwana wa kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay. Albert Ojwang alikuwa mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Taita Taveta, na vilevile alikuwa mwanablogu. Mnamo Juni 7, 2025 maafisa wa polisi walimkamata nyumbani kwao Homa Bay na kumsafirisha hadi Nairobi, mamia ya kilomita. Malalamiko yaliyosababisha kukamatwa kwake yalitoka kwa Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat, kuhusu machapisho katika mtandao wa X ambayo Ojwang alihusishwa nayo. Alizuiliwa katika Kituo cha Polisi cha Central. Kufikia Juni 8 alikuwa amefariki. Alikuwa na umri wa miaka 31, na alimwacha mke na mtoto mdogo.

Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani mwa seli. Uchunguzi wa maiti uliofanywa na jopo la madaktari ulionyesha majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo na majeraha mengine mwilini, na madaktari hao wakatilia shaka kwamba angeweza kujiumiza hivyo mwenyewe. Inspekta Jenerali Douglas Kanja aliomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ya awali. Juni 16 Lagat aliondoka ofisini kwa muda ili kupisha uchunguzi. Baadaye mwezi huo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha watu sita washtakiwe kwa mauaji, akiwemo mkuu wa kituo hicho. Lagat hakuwa miongoni mwao. Washtakiwa walikana mashtaka.

Kisa hiki kina funzo ambalo halipaswi kupotoshwa. Hakimfunzi mwalimu kwamba anyamaze. Ojwang hakukamatwa kwa kutoa siri za wanafunzi wake, wala kwa kutumia jina la shule. Malalamiko yalihusu maneno juu ya afisa wa umma, na maneno ya aina hiyo, hata yakiwa ya uongo, hujibiwa mahakamani. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 49, humpa kila anayekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuzungumza na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Hakuna chapisho linaloziondoa haki hizo.

Sisi tunaohariri habari tulipata funzo letu pia. Ukimwita marehemu mwanablogu, msomaji humwona mtu aliyejitafutia matata mtandaoni. Ukimwita mwalimu, msomaji huliona darasa lililoachwa bila mwalimu. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini anayechagua neno la kwanza la kichwa cha habari humchagulia mtu nafsi atakayokumbukwa nayo.

SHERIA INASEMAJE

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 humhakikishia kila mtu uhuru wa kujieleza. Uhuru huo haujumuishi propaganda za vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na kifungu hicho kinamtaka kila anayeutumia kuheshimu haki na sifa za wengine. Kifungu cha 31 hulinda faragha. Mwalimu, muuguzi na karani wote wamo ndani ya neno "kila mtu".

Kwa miaka kadhaa mahakama zilivichuja vifungu vya zamani vilivyokuwa vikitumiwa dhidi ya wanaoandika mitandaoni. Aprili 2016, katika kesi ya Geoffrey Andare, kijana aliyeshtakiwa kwa chapisho la Facebook, Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno. Mtu hangeweza kujua ni lini ametenda kosa. Februari 2017, katika kesi ya Jacqueline Okuta, Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kukashifu. Tangu hapo anayedai kuharibiwa jina hushtaki kwa madai ya fidia. Aprili mwaka huo huo, katika kesi ya Robert Alai, ikaondoa kosa la kudunisha mamlaka ya afisa wa umma.

Hata hivyo, mlango mmoja ulipofungwa mwingine ulifunguliwa. Mei 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni. Vifungu 26 vilisimamishwa na mahakama mwezi huo huo kufuatia kesi ya Chama cha Wanablogu wa Kenya, kabla ya Mahakama Kuu kuvirejesha Februari 2020. Marekebisho ya sheria hiyo yalitiwa saini na Rais William Ruto Oktoba 15, 2025, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya vipengele vyake kuhusu udhalilishaji mtandaoni. Kwa kuwa sheria hii imekuwa ikivutwa huku na huku mahakamani, anayeshtakiwa kwa kifungu chake chochote amtafute wakili kabla ya kukiri lolote.

Kazini nako kuna kinga ambayo wengi hawaifahamu. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 46, inasema kwamba maoni ya kisiasa si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kisha amsikilize. Ujumbe wa simu usemao "usije kazini kesho" kwa sababu ya chapisho la jana hautimizi sharti hilo.

Kwa wenye vyeo vya dola, kama vile magavana, majaji, wabunge na wawakilishi wa wadi, mizani ni nyingine. Kifungu cha 75 cha Katiba kinawataka wajiepushe na mienendo inayoshusha hadhi ya ofisi zao hadharani, kazini na hata katika maisha yao ya faragha. Kadiri cheo kinavyopanda ndivyo pazia linavyozidi kuwa jepesi. Mwalimu wa shule ya msingi hayumo katika kundi hilo, ingawa anafungwa na maadili ya Tume ya Huduma za Walimu. Si haki kumpimia kwa kibaba cha gavana.

SIRI SI YAKO

Upande wa amana, sheria ni kali, na inastahili kuwa kali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza Roma School ya Uthiru faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Katika tangazo hilo hilo, kilabu cha Casa Vera jijini Nairobi kilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuitumia picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake.

Mwalimu anayepiga picha za wanafunzi wakipokea zawadi siku ya wazazi na kuziweka katika ukurasa wake hana nia mbaya. Pengine anajivunia kazi yake. Lakini sura ya mtoto haikukabidhiwa kwake ili imwongezee wafuasi. Picha hiyo ikifaa kuonekana, mahali pake ni ukurasa wa shule, kwa idhini iliyoandikwa.

Hospitalini uzito huongezeka. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinaifanya hali ya afya ya mgonjwa kuwa siri, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2006 inakataza kufichua matokeo ya vipimo vya virusi hivyo. Homa Bay imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu zaidi vya maambukizi nchini. Muuguzi anayeandika katika kundi la marafiki kwamba "leo nimemwona mtu ambaye sikumtarajia kliniki" hajataja jina. Hata hivyo, katika mji wenye barabara kuu moja, saa na siku hutosha kulitaja. Mgonjwa akijua kwamba siri yake hutoka kwa vicheko, hatarudi kuchukua dawa. Hapo kosa la mtandaoni huwa ni suala la uhai.

OFISI NA MWENYE OFISI

Mpaka huwa mgumu zaidi pale ukurasa mmoja unapobeba familia na serikali pamoja. Kenya ilimpata mfano mwema katika Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na mji wa Nakuru, aliyefahamika duniani kwa kutumia Twitter kutangaza wizi, mifugo iliyopotea na watoto waliotoweka. Wenye simu za kawaida walipokea ujumbe wake kama arafa. Akaunti yake iliunganisha cheo na jina lake, na watu walimwamini kwa vyote viwili. Alifariki Oktoba 2022. Sifa alizojenga zilikuwa zake, na ndiyo maana kila ofisi inayofuata mfano huo yafaa ijiulize: mwenye jina akiondoka, wananchi watapigia kamsa wapi?

Kiwango cha urais hakikusalimika. Machi 2019 akaunti za Rais Uhuru Kenyatta katika Twitter na Facebook zilizimwa ghafla, na Ikulu ikaeleza kwamba kulikuwa na watu walioziingilia bila idhini. Zilikuwa za jina lake, na zilikuwa na mamilioni ya wafuasi waliozichukulia kuwa mlango wa serikali.

Nchini Marekani swali hili lilifika Mahakama ya Juu. James Freed, meneja wa mji wa Port Huron katika jimbo la Michigan, alikuwa na ukurasa wa Facebook aliouweka picha za familia yake pamoja na habari za mji. Wakati wa janga la corona mwaka wa 2020, mkazi mmoja, Kevin Lindke, aliandika humo malalamiko. Freed aliyafuta na kumfungia mlango. Lindke akashtaki, akisema serikali imemzuia kusema. Machi 15, 2024 majaji wote walikubaliana kwamba hatua ya afisa huhesabiwa kuwa ya serikali endapo tu alikuwa na mamlaka ya kuisemea serikali, na endapo alipochapisha alikuwa akiyatumia mamlaka hayo. Kesi ikarudishwa mahakama ya chini ili ipimwe kwa kipimo hicho.

Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini kipimo chake chaeleweka hata Magunga. Mwakilishi wa wadi anayetangaza orodha ya basari katika ukurasa ule ule anaowekea picha za mjukuu wake, akimfungia mlango mkosoaji, amemfungia jirani mkorofi au amemnyima mwananchi habari za basari? Akitenganisha kurasa hizo, swali halizuki.

WALIOPONZWA NA ULIMI

Visa vya wafanyakazi kupoteza kazi kwa walichoandika vilianza kabla ya Facebook kuzaliwa. Mwaka wa 2002 Heather Armstrong, Mmarekani aliyekuwa akibuni tovuti, alifutwa kazi kwa sababu ya aliyoandika mtandaoni kuhusu kazi na wenzake. Desemba 2013 Justine Sacco, afisa wa mawasiliano wa kampuni moja ya New York, aliandika mzaha wa kibaguzi kuhusu UKIMWI na Afrika kabla ya kupanda ndege ya kwenda Cape Town. Wafuasi wake hawakufika 200. Alipotua, watu wengi duniani walikuwa wamelisoma neno hilo, na muda mfupi baadaye akafutwa kazi.

Jirani zetu wa Uganda wana kisa cha Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliyekamatwa Aprili 2017 kwa maandishi yake ya Facebook dhidi ya Rais Yoweri Museveni. Agosti 2019 alifungwa miezi 18 kwa chapisho jingine, kabla ya Mahakama Kuu kumwachilia Februari 2020. Wapo waliochukizwa na lugha yake na wapo waliomshangilia.

Visa hivi vitatu visitiwe kapu moja. Armstrong aliwaandika wenzake wa kazi, na hapo amana iliguswa. Sacco aliidhihaki jamii nzima ilhali kazi yake ilikuwa kuisemea kampuni mbele ya jamii. Nyanzi alimshambulia mtawala, na adhabu yake ilitoka serikalini. Kusema tu kwamba "mtandao uliwaponza" ni kukwepa kuuliza nani alimkosea nani.

NAMNA YA KUILINDA MIPAKA

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yafuatayo yanaweza kumfaa mfanyakazi wa Magunga, na wa kwingineko.

Kwanza, kabla ya kuandika, ajiulize: nimelijuaje jambo hili? Ikiwa amelijua kwa sababu ya kazi yake, ni amana. Asiliandike, hata bila majina.

Pili, atenge kurasa kwa matumizi, akijua kwamba kutenga si kujificha. Ukurasa wa familia uwe wa watu anaowajua, na wanafunzi ambao bado wako shuleni wasiwe marafiki humo. Mawasiliano na wazazi yapitie kundi ambalo mwalimu mkuu analifahamu.

Tatu, asilitegemee sana tangazo kwamba "maoni haya ni yangu binafsi". Lina manufaa, kwa kuwa linaeleza kwamba hamsemei mwajiri. Lakini halifichi siri iliyotoka wala halimkingi na kesi ya kuharibu jina. Kwa tajriba ya meza ya uhariri, naongeza kwamba tangazo hilo halijawahi kupata nafasi katika kichwa cha habari. Neno "mwalimu" hupata.

Nne, asilichukulie kundi la WhatsApp kuwa sebule yake. Watu 200 si siri, na mmoja wao akiipiga picha skrini, maneno husafiri bila sauti ya utani iliyoyabeba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tano, anayeendesha ukurasa wa ofisi autumie kwa jina la ofisi, nywila zijulikane na zaidi ya mtu mmoja, na zikabidhiwe siku ya kuhama pamoja na funguo za kabati.

Sita, akiitwa na mwajiri kuhusu chapisho, ahifadhi nakala yake, aombe tuhuma kwa maandishi, na aende na mwenzake au mwakilishi wa chama. Akikamatwa, akumbuke saa 24 na wakili, na jamaa zake waulize mara moja anapelekwa kituo gani.

Waajiri nao wana wajibu. Bodi za shule, hospitali na kaunti ziandike kanuni fupi, kwa lugha inayosomeka, zikitaja ni nini siri na ni nini hiari ya mtu. Kanuni isemayo tu kwamba mfanyakazi "asiandike lolote la kuiaibisha taasisi" ina ila ile ile iliyokiangusha kifungu cha 29 mwaka wa 2016: haimwambii mtu mpaka uko wapi, humtia hofu tu.

TURUDI SOKONI

Mwalimu wa Magunga ataendelea kuitwa mwalimu sokoni, kanisani na mtandaoni. Hilo halibadiliki, na wala si baya. Ni heshima aliyopewa na watu wanaomkabidhi watoto wao. Heshima hiyo inamdai atunze alichowekewa. Lakini haikumwondoa katika orodha ya wapigakura wala haikumfuta katika neno "kila mtu" lililo katika Katiba.

Muuzaji wa omena akimwita mwalimu, kisha akamuuliza anauonaje ushuru mpya, hutarajia jibu. Hangependa kusikia habari za mtoto wa jirani aliyefeli mtihani. Angependa kusikia maoni ya mtu aliyesoma. Sokoni, tofauti kati ya mambo hayo mawili inajulikana bila kufundishwa. Kazi iliyobaki ni kuibeba adabu hiyo hadi ndani ya simu, na kuwataka wenye mamlaka nao waijue.